Trela Ilivutwa Ikakaza, Mbona Ikachomoka?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kitale. Nina kichwa kimoja cha lori, cha ekseli tatu, na trela mbili, nazo ni za ekseli tatu kila moja. Moja ikipakiwa mahindi hapa stoo, nyingine iko njiani kwenda Nakuru. Miguu ya trela inasimama juu ya slabu ya zege, ila kichwa kinarudi nyuma kwenye udongo mtupu. Wiki tatu zilizopita, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, dereva wangu aliunga trela iliyokuwa tayari imepakiwa magunia 300. Anaapa alisikia "kla!", akavuta mbele mara mbili, ikakaza. Alipotoka langoni na kupanda bampu ya kwanza, trela ikachomoka, pua ikaangukia chesisi na mipira ya upepo wa breki ikakatika. Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia. Wengine wanasema dereva ni mzembe, nimfute kazi. Wengine wanasema gurudumu la tano limekwisha, ninunue jipya. Huyu kijana yuko nami mwaka wa sita na sijamshika na uongo. Nifanye nini? Na trela nzito inaungwa vipi hasa?

JIBU: Mama, pole kwa hasara, na pole zaidi kwa hizo wiki tatu za kusikiliza washauri. Nianze na kijana wako, maana nadhani ndiye asiyepata usingizi. Anasema alisikia mlio, akavuta, ikakaza. Namwamini. Yote matatu hutokea na trela bado iwe imekalia tu kichwa kama sufuria juu ya jiko. Katika miaka ishirini na kitu ya kuendesha malori na kuyatengeneza hapa Nakuru nimekutana na kisa kama chako zaidi ya mara moja, na karibu kila mara aliyeunga alikuwa mtu wa kuvuta mara mbili. Alivuta, lakini hakushuka kuchungulia.

Tutaje vyombo kwanza ili tuelewane. Lile bamba pana la chuma mgongoni mwa kichwa, lililopasuka kwa nyuma kama mdomo wazi, ndilo gurudumu la tano. Jina ni la enzi za magari ya farasi: magurudumu manne yalikuwa ardhini, na juu ya ekseli ya mbele ililazwa duara ya chuma ili ekseli izunguke gari likikata kona. Duara hiyo ikahesabiwa ya tano. Chini ya pua ya trela kuna bamba jingine, na katikati yake inaning'inia kingipini. Usiichanganye na kingipini za ekseli ya mbele, zile ambazo mafundi hubadilisha pamoja na bushi zake. Ni jina moja kwa vyuma viwili tofauti. Hii ya trela ina bega pana juu, kiuno chembamba katikati na kisigino kipana chini. Zilizo nyingi kiuno chake ni milimita 50.8, yaani inchi 2 kamili. Zipo za inchi 3 na nusu kwa mizigo mizito kupindukia, na hizo haziingiliani na gurudumu la tano lililotengenezewa inchi 2.

Ndani ya mdomo wa gurudumu la tano kuna mataya. Kazi yake ni kushika kiuno. Yakishika kiuno, kisigino kiko chini yake na bega liko juu yake, na trela haiwezi kupanda wala kushuka, inazunguka tu. Yakifunga mahali pengine popote, hujaunga kitu.

Sasa turudi kwenye uwanja wako. Umenipa mambo matatu bila kujua kwamba ndiyo jibu: trela ilipakiwa kichwa hakipo, miguu iko juu ya zege, na mvua ilinyesha usiku kucha.

Trela iliyoachwa peke yake ni bembea. Inakalia ekseli zake kwa nyuma na miguu yake kwa mbele, na kingipini iko mbele zaidi ya miguu. Ukiipakia tani 27, kwa maana magunia 300 ya kilo 90 ni tani 27, springi za nyuma zinashuka. Miguu haishuki, iko juu ya zege. Kwa hiyo nyuma inazama na pua inainuka. Tuseme miguu iko mita 2 na nusu nyuma ya kingipini, na ekseli ziko mita 6 nyuma ya miguu. Springi zikishuka sentimita 6, pua itapanda sentimita 2 na nusu. Dereva aliiacha katika kimo kizuri kabisa ikiwa tupu. Aliporudi haikuwa katika kimo kile, na hakuna aliyeigusa.

Upande wa pili, kichwa kilirudi nyuma kwenye tope. Magurudumu yake yakizama sentimita 5 tu, gurudumu la tano nalo limeshuka sentimita 5. Jumlisha na ile 2 na nusu. Kingipini nzima kutoka kwenye bamba hadi ncha yake haifiki sentimita 8 na nusu. Ondoa tofauti hiyo ya kimo, na kinachofikia mataya ni kisigino peke yake au zaidi yake kidogo. Kisigino kikasukuma mataya, mataya yakafunga, "kla!". Akavuta mbele, kisigino kikagota kwenye ukingo wa mataya, trela ikakaza. Akavuta tena, ikakaza tena. Akaenda. Kwenye bampu kichwa kikainama mbele, mgongo ukashuka, kisigino kikateleza kikatoka.

Bampu ya langoni ilikufanyia hisani, mama. Trela iliyoungwa hivyo inaweza kuvumilia kilomita nyingi za lami nzuri. Ingevumilia kupita Moi's Bridge, Soy na Eldoret, ipande Burnt Forest na Timboroa, halafu ianze kuteremka kutoka Mau Summit kuelekea Sachangwan na Salgaa na matatu zikiwa mbele yake. Sitaendelea na hilo.

Ukitaka kuhakikisha kwamba ndivyo ilivyokuwa, usimwulize dereva tena. Mwambie fundi aoshe gurudumu la tano kwa dizeli mpaka chuma kionekane, amulike mataya. Ikiwa kuna mkwaruzo mpya unaong'aa juu ya mataya au kwenye ukingo wake wa juu, na kule ndani mahali kiuno kinapokaa hakuna alama mpya, kingipini haikuwahi kuingia. Ikiwa mataya yamechakaa au yamepanuka, au komeo limevunjika, basi wale wanaosema gurudumu la tano limekwisha wana hoja. Mimi ningeweka dau kwenye mkwaruzo.

Umeuliza trela nzito inaungwa vipi. Nitaeleza jinsi ninavyowafundisha vijana, na nitakawia zaidi pale watu wanapoumia.

Kabla ya kupiga rivasi, dereva ashuke aizunguke trela. Aangalie breki ya kuegesha ya trela imefungwa, mara nyingi ni kitufe chekundu cha kuvuta kilicho pembeni au nyuma. Aweke kabari kwenye magurudumu ya trela hata kama kitufe kimevutwa. Wengi hulidharau hili. Trela zenye breki za springi hushikwa na springi hata upepo ukiisha. Lakini kuna trela kuukuu, nyingi tu huku kwetu, zisizo na springi. Breki zake zinashikiliwa na upepo uliobaki kwenye tangi lake. Upepo ule ukivuja usiku kucha, asubuhi trela ya tani 35 imesimama kwa neema tu, na kichwa kikiigusa inaanza safari peke yake. Ukitaka kujua zako ni za aina gani, fundi atachungulia vyumba vya breki: chenye springi ni kirefu, kama makopo mawili yaliyounganishwa. Kabari iwe ya mbao ngumu au mpira, iliyokatwa mshazari. Jiwe la mviringo lililookotwa barabarani halihesabiki.

Kisha arudi nyuma akiwa amenyooka na trela, asije kwa pembe, na asimame pua ya trela ikiwa karibu kufika juu ya gurudumu la tano. Hapo avute hendibreki, ashuke. Huku kushuka kwa mara ya kwanza ndiko kulikokosekana kwako. Aangalie kimo. Bamba la trela linatakiwa liwe chini kidogo ya kilele cha gurudumu la tano, sentimita 2 hadi 5 hivi, ili kichwa kikiingia kiinue trela kidogo na mabamba mawili yasuguane tangu mwanzo. Likiwa chini mno, kichwa kitagonga trela kwa chesisi au kuisukuma nyuma. Likiwa juu, ni kisa chako, au kibaya zaidi: kingipini inapita juu ya gurudumu la tano zima na pua ya trela inaingia mgongoni mwa kebini. Kimo kinarekebishwa kwa hendeli ya miguu, ikiwa kwenye gia nzito, na trela iliyopakiwa inataka jasho. Ndiyo maana watu hawarekebishi.

Kimo kikiwa sawa, arudi nyuma pole pole kwa gia ya chini mpaka asikie mataya yamefunga. Tanboi, yaani msaidizi wa dereva, asiwe katikati ya kichwa na trela. Narudia, asiwe katikati, hata kama ni kuchungulia tu, hata kama ni sekunde moja. Anayeelekeza asimame pembeni ambako dereva anamwona kwenye kioo, na dereva akimpoteza kwenye kioo asimame. Mwanya ule ukifunga hautoi onyo.

Baada ya mlio, avute mbele taratibu kwa gia ya kwanza, trela ikiwa bado imefungwa breki. Mara mbili. Mnaona sikatai kuvuta. Kuvuta kunakamata makosa mengi. Kuna kosa moja ambalo hakulikamati, nalo ndilo lililokupata. Kwa hiyo baada ya kuvuta: hendibreki, injini izimwe, funguo mfukoni, tochi mkononi. Hata saa sita mchana ni lazima tochi, kwa sababu chini ya trela daima ni usiku.

Aangalie kwanza kwa ubavuni, pale mabamba mawili yanapokutana. Mwanga usipite. Ukiona upande wa pili kupitia kati ya bamba la trela na gurudumu la tano, hujaunga, hata kama umevuta mara kumi. Dereva wako angechuchumaa hapo asubuhi ile angeona mwanya wa kupitisha vidole. Kisha aingie kwa nyuma ya magurudumu ya kichwa, amulike mdomoni mwa gurudumu la tano, aone kwa macho yake mataya yamezunguka kiuno cha kingipini na kisigino kimetokeza chini yake. Mwisho aangalie mkono wa kufungulia: uwe umerudi ndani kabisa, na kile kibanio cha usalama kiingie tundu lake bila kulazimishwa. Mkono uliobaki nje hata nusu ya kidole unasema mataya hayajafunga sawasawa. Kibanio kikikataa, usikipige nyundo. Kina sababu ya kukataa.

Akikuta kasoro, afungue, arekebishe kimo, aanze upya. Asijaribu kuitingisha trela ili ijipange.

Sasa mipira ya upepo, na hapa niwasimulie yangu. Mwaka wangu wa kwanza kuendesha, katika yadi moja hapa Nakuru yenye mteremko, niliunga trela nikaona mambo ni mazuri. Nikashuka haraka, injini inanguruma, hendibreki sikuvuta kwa sababu trela ilikuwa imefungwa breki na ilikuwa inashikilia kila kitu. Nikapanda kwenye chesisi, nikachomeka mpira mwekundu. Gari likaanza kutembea. Mpira mwekundu ndio unaopeleka upepo kwenye tangi la trela, na upepo huo ukifika breki za dharura za trela zinaachia. Nilikuwa nimeiachia trela kwa mkono wangu mwenyewe, nami niko juu ya chesisi, na kebini haina mtu. Niliruka. Gari lilisimamishwa na ukuta wa choo, na nililipa choo kile kwa miezi minne.

Tangu hapo nafundisha hivi: hendibreki ya kichwa na funguo mfukoni kabla mguu haujapanda chesisi, kisha mpira wa njano kwanza, mwekundu baadaye. Wa njano ni wa amri ya breki, ule dereva akikanyaga pedali. Ukianza nao, trela inabaki imefungwa mpaka dakika ya mwisho. Wakati wa kufungua ni kinyume: mwekundu unatoka kwanza, breki za trela zinashika papo hapo, halafu wa njano. Kwenye malori ya asili ya Marekani ule wa njano utaukuta wa bluu, kazi ni ile ile. Raba za vichwa vya mipira ziangaliwe. Raba iliyopasuka inavuja pole pole na utaijua ukiwa kwenye mlima. Na ni kwa sababu ya mpira mwekundu trela yako haikukimbia siku ile. Ulipokatika, breki zilishika zenyewe. Zimeundwa hivyo.

Waya za umeme zinafuata, pamoja na ule wa breki za elektroniki kama trela inao. Halafu miguu ipandishwe mpaka juu kabisa. Nimeona wanaopandisha nusu kwa uvivu. Mguu unaoning'inia unashikwa na reli au bampu na unang'oka na kipande cha chesisi. Hendeli irudishwe kwenye kishikio chake. Kisha injini iwashwe, upepo ujae mpaka mishale ifike karibu baa 8, taa zote zijaribiwe, breki ya kuegesha ya trela iachiwe, na kabari ziondolewe na ziwekwe kwenye gari, zisisahauliwe Kitale ilhali zinahitajika Nakuru. Kabla ya kutoka langoni ajaribu breki za trela mara moja katika mwendo wa mtu anayetembea.

Ukihesabu, ni dakika kumi na tano kwa mtu aliyezoea. Dereva anayelipwa kwa safari ataziona dakika nyingi. Hilo ni juu yako tajiri, si juu yake.

Makosa mengine hupandwa wakati wa kufungua trela, kwa hiyo mweleze na haya. Miguu isimame mahali pagumu palipo sawa. Zege lako ni jema. Pasipo zege, iwekwe juu ya mbao nene na pana au bamba la chuma, kwa sababu mguu mmoja ukizama trela inalala ubavu. Miguu ikishagusa chini, azungushe hendeli mizunguko michache tu kwenye gia nzito, aiondolee kichwa uzito kidogo bila kukinyanyua kabisa. Hapo trela inabaki katika kimo ambacho kichwa hicho hicho kitakirudia, ikiwa tu, kama tulivyoona, haitapakiwa kabla kichwa hakijarudi. Akiondoka asitoke kwa kishindo: asogee mpaka mataya yaache kingipini, asimame chesisi ikiwa bado chini ya pua, aone miguu imeshika. Ikishindwa, pua itashuka sentimita chache juu ya chesisi badala ya kupiga chini.

Na wapakiaji wako nao wana neno la kusikia. Trela isiyo na kichwa ikipakuliwa kuanzia nyuma huku magunia ya mbele ya miguu yakiwa bado pale, inaweza kuinamia pua. Nyuma inapaa, na kama kuna mtu juu yake anatupwa. Weka stendi ya chuma chini ya pua wakati wowote trela inapopakiwa au kupakuliwa peke yake. Mafundi wa chuma hapo Kitale wanaweza kuitengeneza kwa siku moja, wakiambiwa uzito.

Kwa sababu una trela mbili na kichwa kimoja, pima kimo cha kila bamba juu ya ardhi iliyo sawa, zikiwa tupu na zikiwa zimepakiwa. Sitashangaa ukikuta zinatofautiana, hasa kama zilitengenezwa karakana mbili tofauti. Piga mstari wa rangi kwenye miguu ya kila moja kuonyesha pale inapotakiwa kusimama. Na ule udongo ambapo kichwa kinasimama, mwaga kokoto na uushindilie kabla ya mvua nyingine. Ukiniuliza pesa yako ya kwanza iende wapi, nitakuambia iende kwenye kokoto kabla ya gurudumu la tano jipya.

Kuhusu hilo jipya, usinunue kwa kuangalia macho ya muuzaji. Kila gurudumu la tano lina kibati chenye nambari mbili muhimu: uzito linaoweza kubeba juu yake, na nguvu ya kuvuta linayohimili, inayoandikwa kwa herufi D, kwa kilonyutoni. D yako unaweza kuihesabu. Chukua uzito wa kichwa pamoja na mzigo kinachobebeshwa na trela, zidisha kwa uzito mzima wa trela na mzigo wake, zidisha kwa 0.6 na kwa 9.81, halafu gawanya kwa uzito wa gari zima. Kwa gari la ekseli sita kama lako, sheria ya uzani ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 mbele, 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa na 24 kwenye tatu za trela, jumla tani 50. Tuseme kichwa kitupu ni tani 9. Kichwa na mzigo wake ni tani 26, trela na mzigo wake ni tani 41. Hesabu inatoa kilonyutoni 125 na ushei, na mzigo unaokalia gurudumu la tano ni tani 17. Kwa hiyo kibati kikiandikwa D ya 150 na tani 20, unatosheka. Kwa magunia 300 hata hufiki huko, na mizani ya barabarani haitakusumbua kwa jumla, ila wapakiaji waliorundika kila kitu mbele wanaweza kukuzidishia uzito kwenye ekseli za kichwa na jumla ikiwa halali.

Lililopo linaweza kuwa zima. Lakini baada ya kuangukiwa na pua lifunguliwe: boliti zinazolishika kwenye chesisi, mabano yake, na chesisi yenyewe pale trela ilipopiga, kutafuta nyufa na mpindo. Propela pia, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Upande wa trela, bamba liwekewe rula ndefu ya chuma kuona kama limekunjika, na kingipini ipimwe kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kiunoni, katika pande mbili. Ikishuka chini ya milimita 49 ibadilishwe. Na hapa nakuomba sana, mama: mtu yeyote akikuambia ataijaza kwa welding kisha aisage iwe kama mpya, mshukuru kwa chai na umwage kwaheri. Chuma cha kingipini kimefuliwa na kugumishwa. Moto wa welding unakiharibu ndani, na kitavunjika siku ambayo hukipimi.

Dalili ya kuchakaa mnaweza kuisikia hata bila kalipa. Trela ikiwa imefungwa breki, dereva asogeze kichwa mbele na nyuma kidogo tu. Ikigonga "ko, ko" kabla ya kukaza, kuna nafasi kati ya mataya na kiuno. Magurudumu mengi ya tano yana skrubu ya kurekebisha nafasi hiyo. Fundi airekebishe, na kama imefika mwisho mataya yabadilishwe. Grisi nayo ipakwe kwenye bamba na kwenye mataya, baada ya ile ya zamani kukwanguliwa. Kupaka grisi mpya juu ya grisi iliyojaa mchanga wa barabara ya Kitale ni kutengeneza msasa. Bamba likikauka, usukani unakuwa mzito kwenye kona na gari linakawia kunyooka, jambo ambalo madereva hulaumu matairi.

Umeniuliza pia umfute kazi au la. Mtu anayevuta mara mbili na kusema ukweli baada ya ajali, mimi ningempa tochi. Ningempa na tanboi wake nafasi ya kuunga ile trela ya pili, tupu, mbele yako, hatua kwa hatua, huku wewe mwenyewe umechuchumaa ubavuni kuangalia mwanga kati ya mabamba. Fanyeni hivyo siku kavu. Halafu ijazeni magunia bila kichwa, mrudie kupima kimo, muone pua imepanda kiasi gani. Niandikie hiyo sentimita ukiipata. Nadhani kwa trela hiyo itakuwa kati ya 2 na 3, na ikizidi 4, springi zako za nyuma nazo zinataka kuangaliwa.